Fundi, Tazama Ukutani

Kwanza ulizia umeme.
Usicheke. Nimewahi kupanda ngazi tatu za Mkomani,
begi la bisibisi begani,
nikakuta plagi imelala sakafuni kama kiatu cha mgeni.

Deki hii ya Bi Mwanaidi imekuja kwa punda
toka Mtamwini, imefungwa kikoi,
na vichochoro vyetu havina huruma na mashine.
Nikaitikisa: mle ndani kitu kikagonga.
Skrubu nne. Ya tano haipo,
fundi aliyenitangulia aliondoka nayo.
Nikatoa shilingi, kishikizo cha kanzu,
ganda la yai la mjusi,
na chumvi, nyeupe,
hata kwenye pembe ambazo vumbi halijafika.

Mpira wa kuzungushia umelegea kama soksi.
Nikautia maji ya moto ukajikaza.
Utakaa mwezi. Ukibahatika, miwili.

Kichwa husafishwa hivi:
spiriti, na kipande cha ngozi laini.
Si pamba; pamba huacha nyuzi.
Ngozi itulie, kichwa ndicho kizunguke,
polepole, ubavu kwa ubavu.
Ukipangusa juu-chini umekivunja,
na hapa Amu nani atakuuzia kingine?
Wala usipulize kwa mdomo.
Mate nayo yana chumvi.

Usianze na kanda uipendayo.
Nikatia ile yangu ya mpira wa miguu,
nusu fainali ya watu nisiowajua.
Ikacheza. Refa akapuliza.
"Sasa tia yangu," akasema Bi Mwanaidi,
"nawe fundi, tazama ukutani."

Ni kanda ya usiku wa kupamba, mwaka wa tisini na moja.
Wanawake peke yao, vichwa wazi.
Hata mpiga picha alikuwa mwanamke,
na mlango ulitiwa komeo,
na komeo lile mimi sijafunguliwa.

Basi nikakaa nyuma ya televisheni,
mkono nimeupitisha mbele, kidole kwenye kitufe cha mistari,
uso kwenye chokaa.
Sauti ilitangulia: vigelegele vizito, vya wanaume.
Mpira bado mvivu. Nikangoja upate moto,
vikapanda, vikawa vya wenyewe.

"Waonani?"
"Chenga."
"Za juu au za chini?"
"Za chini. Zapanda."
Nikasukuma kulia.
"Sasa?"
"Watu wamekatika viunoni."
Kushoto, chembe tu.
"Sasa?"

Kimya.
Kimya kwa fundi si dalili njema:
ama kanda imekwama, ama imeliwa.
Nikatega sikio. Gia zazunguka.
Pembe za vugo zapigwa.
"Bi Mwanaidi?"
"Nyamaza. Usiguse kitu.
Ni Shamsa. Yuwanifunga kikuba,
yuwacheka, na meno yake yote anayo."

Shamsa dadake. Tulimzika mwezi wa Rajabu;
mimi nilishika jeneza upande wa miguu.

Kitufe kile ukikiachia, chenga hurudi.
Sikukiachia.
Dakika arubaini, kidole kikafa ganzi,
na juu ya chokaa mjusi mmoja,
pengine mwenye lile yai,
akitazama kokote alikotaka.

Kanda ikiisha, irudishe mwanzo,
itoe, iweke wima,
mbali na dirisha la upande wa maji.
Hayo nilimwambia.
Akaiacha mumo humo ndani.