Mfuko wa Gauni

Mimi fundi cherehani,
Kibuye, safu ya ndani.
Sina hadithi kichwani
ila moja, nawambia.

Si ya panga na farasi,
shujaa mwenye wepesi
kumwiba mwari mkwasi,
milima akirukia.

Alikuja na shangazi
Apondi, hana machozi,
wala cheko, wala pozi,
kama chuma katulia.

Shangazi kataka shanga,
na mkia wa kutanga,
na lesi yenye kuringa;
nusu ya bei katoa.

Bwana mwenyewe, si siri,
Ogweno, mwenye magari
sita, na zabuni nzuri,
na lami asoitia.

Shangazi simu kashika,
nje ya kibanda kutoka.
Apondi ndipo kashuka,
sikioni kanambia:

“Fundi, nitie mfuko,
kina sawa na wa kwako,
uupe na kifuniko.
Pindo, achia, achia.”

Kimya nikashika neno,
nikapitisha sindano
mkunjoni pa kiuno,
jicho lisipofikia.

Nilifika Muhoroni
Jumamosi, kanisani,
si kwa pilau sahani:
nusu yangu nangojea.

Kulinyesha siku tatu,
njia ya miwa ni chatu,
tope lavua viatu,
ng'ombe anadidimia.

Magari yakawasili,
riboni mbili kwa mbili,
kwaya yapasha kwa mbali,
na bibi hajatokea.

Osundwa, wa tingatinga,
kiwanda kilipofunga,
breki na gia za kupanga
Apondi kampatia.

Kaapa: “Saa ya nane
nakuja, watu waone,
nikamatwe, nipigane,
mbele yao nakutwaa.”

Saa nane ikapita.
Tinga kwa nyuma lasota.
Shujaa tumbo lateta,
relini kakimbilia.

Ghafla kitu cheupe
charuka juu ya tope,
utaji kama utepe
nyuma ukifuatia.

Apondi! Goti kapinda,
ngazi ya chuma kapanda,
mfukoni, kama tunda,
ufunguo kachomoa.

Wa akiba: hana pete
Osundwa, wala chochote;
chuma hicho, moyo wote,
mahari kamtolea.

Pindo halikumkwaza
(mita nilishaongeza),
na tinga likajikaza,
moshi likaukohoa.

Nyuma matela matatu
ya miwa; hapiti mtu.
Mwendo wake, ndugu zetu,
bata angetangulia.

Nyuma, yale sita, honi,
riboni zi matopeni,
Ogweno yu dirishani,
“Piteni!” akililia.

Wapite wapi? Na ile
ndiyo barabara yule
alolipwa, tangu kale,
na kokoto hakutia.

Bango lake lasimama
kando, herufi zasema:
“Subirini, lami njema
karibuni yawajia.”

La kwanza lapata shimo,
la pili nalo li mumo,
la tatu, tope la kimo;
watoto washangilia.

Relini, Osundwa wima,
na shati la kuazima.
Tinga halikusimama;
lapunguza, kadandia.

Walisemani? Sijui.
Huko mbali, sisikii.
Ila kiti hamwachii;
juu ya miwa kakaa.

Chakula hakikulala:
kwaya yote ilikula,
na shangazi naye kala,
machozi akifutia.

Na mimi? Nina risiti,
imetundikwa boriti,
mwaka mzima, sipati
hata senti kusikia.

Juzi simu ikaita:
pesa zangu nimepata,
na mia mbili zafwata,
za mfuko, kanambia.

Sasa mwari akifika
kupimwa, pini naweka;
shangazi akishatoka,
“Kina gani?” namwambia.