Papa wa Kabula

Bi. Kadzo alisema: dakika tatu, sauti tupu, bila picha.
Eleza jambo unalolijua kwa mikono yako.
Ijumaa saa sita usiku mlango unafungwa.
Leo Alhamisi. Chumba cha kupanga, Kanduyi,
simu juu ya debe la unga,
blanketi dirishani kuzuia mashine ya kusaga ya jirani.

Nimechagua pancha.
Pancha naijua kama wengine wanavyoijua sala.
Nikaandika: Baba yangu ni fundi wa baiskeli pale Kabula.
Nikabonyeza, nikasema, nikajisikiliza.

Papa yangu ni fundi wa paiskeli pale Kapula.

Amoit, kitandani, akavunjika mbavu.
"Papa? Yule wa baharini?
Na meno yake yote ameshika spana?"
Tena, alivyonisikia nikisema kuzipa pancha,
akauliza nazipa nini, chai au uji.
Nikacheka nami, kidogo,
kama mtu aliyekanyagwa kwenye foleni akaambiwa pole.

Nikarudi daftarini na kalamu nyekundu
kuisaka kila b kama chawa.
Baba akawa mzazi wangu wa kiume.
Baiskeli, chombo cha magurudumu mawili.
Beseni likawa karai. Kuziba kukawa kutia kiraka.
Gundi ilipona. Msasa ulipita bila kukaguliwa.
Lakini Kabula ningeihamishia wapi?
"Sehemu fulani ya magharibi," niliandika,
na Bungoma nzima nikaifuta kwa mstari mmoja.

Mara ya saba. Mara ya kumi na moja.
Sauti safi, imenyooka, imepigwa pasi.
Mzazi wangu wa kiume hutia kiraka.
Nani huyo? Simjui.
Hana kidole gumba chenye ukucha uliopasuka,
hana redio iliyofungwa kwa kipande cha tyubu,
hamwambii mteja, "Utalipa Jumatatu,"
akijua fika Jumatatu ya mtu yule
haimo katika kalenda yoyote.

Saa tisa usiku. Mashine ilinyamaza zamani.
Amoit amelala na kitabu usoni.
Nikakumbuka somo langu la kwanza, nina miaka sita,
magoti kwenye matope, beseni la buluu katikati yetu:
tumbukiza tyubu, ibane, izungushe polepole.
Usilitafute tundu kwa macho, Nelima.
Lenyewe halina siri, litasema.
Na kweli, pu, pu, pu,
povu likapanda, nikaweka kidole,
nikahisi pumzi ya baiskeli ya mtu mzima
ikinigonga kidoleni.

Kwetu hatumwiti baba. Tunamwita papa.
Tangu nilipojua kuita nimemwita hivyo,
naye akaitika kila mara,
mdomo umejaa misumari, mikono imejaa grisi,
hakuwahi kuuliza kama natafuta samaki.

Nikalifunga daftari.
Nikasema nilivyosema.
Paiskeli ikapita, peseni likapita,
pancha zikapewa zilichopewa,
na Kapula yote ikaingia na vumbi lake.

Dakika tatu na sekunde kumi na moja.
Bi. Kadzo hasamehe hata sekunde.
Nikakata "Mhadhiri mtukufu na wanafunzi wenzangu."
Nikakata shukrani zote za mwisho.
Nikakata jogoo wa kwanza, aliyedhani naye kaitwa.
Zikabaki sekunde mbili:
kicheko changu mwenyewe,
pale papa anapoingia na spana yake.

Nikatafuta pengine pa kukata.