Kitako cha Gorogoro

Mimi fundi wa mabati,
Luanda, mbele ya geti;
sina meza wala kiti
ila nyundo na kisiki.

Tungo pia naandika
kazi inapokatika;
mizani zahesabika
nane nane, hazivuki.

Sijaiba hata moja;
msomaji namngoja
ahesabu; sina hoja,
najua hazipunguki.

Lakini ile mizani
ya gorogoro sokoni
niliibonya gizani,
na hilo halikaniki.

Alikuja Bwana Tsuma
jogoo bado kusema,
mikebe sita mizima
yote kwenye pikipiki.

“Fundi, bonyeza kitako
kiwe kama tumbo lako,
na hamsini ni yako
kwa mkebe; sidhihaki.”

Nikapiga taratibu,
bati likatoa gubu:
shimo la ngumi, karibu,
juu halitambuliki.

Ngumi ya punje! Nawaza,
ni nani itamliza?
Hata ukizisambaza
kuku wala hashibiki.

Jumapili Tsuma huyo
kanisani, mwenye moyo,
ajaza bila uchoyo
sahani, haibebeki.

Nami pia nikatoa
hamsini yenye doa,
nikaimba, nikapoa,
moyo bila taharuki.

Yuko Rispa, ni mjane,
na wajukuu wanne;
hupika, wagawiane
ugali, hausaziki.

Gorogoro tatu, kwake,
hupimwa kwa jicho lake:
unga, maji, mwiko wake,
hufika mwisho wa wiki.

Sasa unga ukakwisha
Ijumaa; akapasha
maji tupu, akakesha,
wana hawatuliziki.

Hakuja kwangu na zogo;
alikuwa na mzigo,
akauweka kwa gogo:
mkebe, haubonyeki.

“Huu wa mavyaa wangu,
haujui ulimwengu.
Leta wa Tsuma, mwanangu,
tumimine; hatucheki.”

Kamimina polepole,
wa Tsuma ukawa tele,
mwake zikabaki zile:
ngumi yangu, mamluki.

Akasema: “Nasikia
Mungu ametuwekea
amri; ni kweli pia,
ila mimi sitosheki.

Yeye haki huipenda.
Mtoto akishakwenda
shule, mimi humlinda,
sikio halifungiki;

hatua yake njiani
naijua toka ndani,
kati ya mia, mvuani,
wala haichanganyiki.

Ndivyo Mungu husikia
haki inapoingia
sokoni; hukimbilia
mlangoni, hashikiki.”

Akafunga kwenye leso
punje, pasi neno. Uso
wangu ukawa mateso,
popote haufichiki.

Kulipokucha, na nyundo,
nikakaza wangu mwendo
kwa Tsuma; na kwa kishindo
nagonga, sizuiliki.

Mikebe sita, kwa ndani,
vitako vikaja chini.
Wachuuzi: “Kuna nini?”
Tsuma kimya, kama chaki.

Nikasema: “Mia tatu
nilikula. Ndugu zetu
walilala bila kitu
kwa nyundo: sisameheki.”

Wazee wa kanisani
wakaniweka kitini,
wakasema kosa nini:
ni kelele na mikiki.

Rispa akabisha hodi,
mkebe ndio shahidi;
hakuomba, hakurudi,
aliketi, hang'oleki.

Sasa wachuuzi wengi
kazi kwangu hawapangi;
nakula mboga, sipingi,
nimesahau samaki.

Tsuma yuko palepale,
na bado hukaa mbele
kanisani, kama kale;
kwa mkebe hapimiki.

Bati nililoliponya
lina kovu la kubonya;
ukiligusa, lafinya
kidole, halinyooki.

Usiku, kazi naacha,
nalipiga kwa ukucha;
lalia, hadi kukicha
nasikiza nyayo. Haki?