Kipindi cha Saba, Darasa la Tano B

Chelo ilikuja na bajaji, imelala mapajani mwangu
kama mgonjwa, shingo nje ya turubai,
na mlinzi pale getini akauliza:
"Mwalimu, huyo ni nani?"

Keko Machungwa, kipindi cha saba.
Bati linatema joto. Watoto tisini na wawili,
wanne wanne kwenye dawati,
uji wa saa nne umeshakuwa hadithi.
Mimi ni mwalimu wa hisabati. Muziki nilipewa
kwa sababu siku ya kikao sikuwepo.

Nilianza vibaya. Nilianza na Ulaya,
mabwana waliovaa nywele za bandia,
wafalme, theluji, tarehe za kuzaliwa na za kufa.
Anzuruni akalala wa kwanza. Kisha safu yote ya dirishani,
mmoja baada ya mwingine,
kama nguo zinazodondoka kambani.

Nikaweka chaki, nikashika upinde.
Noti ya kwanza ilitoka na kwikwi.
"Ng'ombe wa Pugu!" mtu akapaza sauti,
darasa zima likalia mooo, mooo,
mpaka Mwalimu Mkuu akachungulia,
akaniangalia mimi, akaiangalia chelo, akaenda zake.

Massawe akawasha mashine ya kusaga
ng'ambo ya ukuta, kama kila siku saa nane,
na Mwinchande, ambaye daftari lake
hulisahihisha baada ya kuvuta pumzi,
akanyoosha mkono:
"Mwalimu, hiyo mashine na hiyo waya yako nene
ni ndugu, ila hawajapatana."

Nikasikiliza. Kweli.
Nikakaza kigingi, kidogo, kidogo tena,
darasa likinielekeza, "Bado! Bado! Ongeza chumvi!"
mpaka mngurumo ukaingia ndani ya mngurumo,
mbao za dawati la mbele zikaanza kutetemeka,
na Hidaya akalaza shavu juu yake, asisogee tena.

Ulaya sikuitaja tena.
Niliwapa kazi ya nyumbani: leteni sauti.

Wakaleta. Vikombe vya muuza kahawa, viwili viwili;
brashi ya mng'arisha viatu ikibisha sandukuni;
sarafu za muuza karanga kiganjani;
honi ya baiskeli ya barafu, ambayo Anzuruni
aliileta mdomoni mwake, akiwa macho;
kikohozi cha bibi wa Hidaya, cha usiku, chenye ngazi tatu.
Tukavipanga ubaoni kwenye mistari mitano,
vingine juu, vingine chini,
kama kunguru kwenye nyaya za umeme.

Wiki ya tatu nikawapigia ile yenyewe, nzima,
dakika sita, ya marehemu ambaye hakuwahi kuonja pilipili.
Sikuisifia. Nilisema tu: kuna sauti inaondoka kwao.
Angalieni kama itarudi.

Sitadanganya. Wengine walichoka njiani.
Kuna aliyemung'unya ubuyu mwanzo hadi mwisho.
Mwinchande alifumba macho, kidole chake kikihesabu kitu
ambacho mimi sijawahi kumfundisha kukihesabu.

Kengele. Wakatoka kama maji.
Akabaki Sikudhani, binti asiyependa kitu,
begi mgongoni, mguu mmoja mlangoni.
"Haina maneno," akasema. "Mimi napenda yenye maneno."
Nikasema, sawa.
"Ila pale katikati ulinyamaza. Ulisahau?"
Hapana. Imeandikwa.
"Kunyamaza kunaandikwa?"

Nikamchorea: kofia ndogo, imekaa juu ya mstari.
Akaitazama muda mrefu.
Nyuma ya ukuta Massawe alikuwa amezima mashine,
unga unatua.
Akaichukua chaki mkononi mwangu,
akaandika kofia moja, halafu nyingine, halafu nyingine,
mpaka mstari ukaisha, akaondoka bila kuaga.

Kesho yake nilifundisha sehemu
kwenye kona ya ubao.