Bomba la Marhamu

Saa tisa za usiku, Asahikawa, theluji inamwagika
na mimi, dereva wa gari la kuisukuma, leo siko barabarani.
Niko sakafuni, nimeshika mikono miwili midogo
niliyoivika soksi, kucha zisifike shingoni.
Chihaya ana miezi kumi na minne.
Analo neno la maji, analo la mbwa,
na ile sauti ya kujikuna, ambayo nayo ni neno.

Asubuhi Sanae hufua shuka kabla mama yangu hajaamka:
vidoa vya damu, vidogo kama ufuta.

Alianza yeye kuondoa mayai. Sikuuliza kwa nini.
Yakafuata maziwa, ikafuata ngano,
kisha mama akautupa mto wake wa maganda ya soba,
mto aliolalia miaka thelathini,
akasema tu, "Shingo itazoea."
Mtoto akapungua gramu mia tatu.
Ukurutu haukupungua hata kwa upana wa kidole.

"Apimwe mzio," Sanae akasema, "wa kila kitu.
Kuna kitu kinamla mwanangu, nataka jina lake."
Nami nikasema ni baridi, ni jiko la mafuta ya taa,
ni hewa iliyokauka; nikasema mengi,
maana sindano katika mkono ule, ngozi nzima utaipata wapi?
Tukabishana kwa kunong'ona, wiki tatu.

Daktari Kuwabara hakuangalia damu. Aliomba bomba la marhamu.
Akaligeuza, akalibonyeza tumboni.
"Mlilifungua lini?"
"Majani yalipoanza kuanguka," nikajibu,
na dirishani nyuma yake Januari imefika kiunoni.
Hakucheka. Afadhali angecheka.
Ni mimi niliyesikia kwamba dawa ile hula ngozi,
nikawa nampaka kama bahili anayetia chumvi ya kuazima,
nukta hapa, nukta pale,
na moto unawaka mwili mzima.

"Nikipima vyakula thelathini," akasema, "kumi vitaitika.
Kipimo kitawaambia damu yake inawafahamu kina nani.
Kumfahamu mtu si kugombana naye.
Mtaviondoa vyote kumi, na huyu atakula nini?"
Kisha akaweka kalamu chini.
"Kuna chakula alichokionja, na papo hapo,
kabla hamjainuka mezani, mwili ukabadilika?"

Nilikuwa nimeshafungua kinywa kusema hakuna.

"Septemba," Sanae akasema, akiangalia viatu vyake.
"Kijiko kimoja cha yai la mvuke.
Midomo ilivimba kabla sijakiweka kijiko chini,
na malengelenge mgongoni, kisha akatapika."
Miezi minne alilimeza peke yake jambo hilo,
kwa sababu yai lile lilipikwa na mama yangu.

Basi ikaamuliwa, na haikuwa yangu wala yake:
yai lipimwe, yai peke yake, na mezani lisirudi kwanza.
Maziwa yarudi. Ngano irudi.
Marhamu ipakwe kwa mkono mkunjufu, wiki mbili,
kisha vitambaa vyenye unyevu juu yake,
na kama ngozi bado itakataa, tutakaa tena, tutauliza mapya.

Usiku huu nakamua kutoka ncha ya kidole hadi kiungo cha kwanza,
kwa kila viganja viwili vya ngozi.
Nyuma ya magoti. Kwenye mikunjo ya viwiko. Shingoni polepole.
Ngozi inang'aa kama barabara niliyomaliza kuisafisha,
nami kazi hii naijua: unasafisha, inaanguka, unarudi.
Majibu ya yai ni Alhamisi.

Mlangoni mama amesimama na taulo la kukunja,
ndilo analolalia siku hizi.
"Na soba," anauliza, "daktari alisema nini juu ya soba?"
Hakuna aliyemuuliza, mama.
Anatikisa kichwa, anapiga magoti kando yangu,
ananyoosha kidole chake nimkamulie.