Safu ya Saba

Jedwali la wafadhili lina safu saba.
Sita ni pana, zinameza tarakimu.
Ya saba, "Maoni mengine," ni nyembamba
kama ufa wa mlango.

Naandika hapa Potosí, vidole vimekufa ganzi,
hita ya ofisi imeishiwa gesi tangu Jumanne.
Mikutano na wabunge: kumi na mmoja.
Vipeperushi: elfu nne.
Sheria ya oksijeni bure kwa wachimbaji wastaafu:
haijapita.
Safu ya sita inataka asilimia. Naweka sifuri,
nayo sifuri inanikodolea jicho.

Hilaria Colque anaisoma kichwachini, toka ng'ambo ya meza.
Mumewe alikufa ameketi,
kwa kuwa kulala kulimnyima pumzi.
"Sifuri?" anauliza. "Mwaka wa kwanza
karani wa kamati aliuita ugonjwa wetu kikohozi.
Mwaka huu kautamka, silikosisi, bila kukwama,
tena akaniuliza mapafu ya Teófilo yalipigwa picha lini.
Hiyo unaiweka wapi?"

Sina pa kuiweka.

Wala sina pa kumweka mlinzi wa lango kule La Paz
aliyekuwa akitupekua hadi ndani ya mikate,
ambaye sasa humvutia Hilaria kiti;
wala kifungu cha tisa, kilichofutwa Machi,
kikarudi Agosti kwa penseli, pembeni mwa ukurasa,
kwa mwandiko wa mtu asiyetaka kujulikana.
Na mheshimiwa Urquizu je? Aliahidi mara tatu.
Ahadi zote tatu niliziorodhesha chini ya Mafanikio.
Siku ya kura mkono wake ulikuwa wa kwanza
kusema hapana.

Nakiri: ripoti ya mwaka jana niliipaka rangi.
"Mwelekeo wenye matumaini," niliandika,
nikaipenda sentensi ile, nikaisoma kwa sauti.
Mwezi huohuo tulizika sita.

Uani mtungi mmoja unazunguka watu tisa.
Zamu zimebandikwa mlangoni: Don Casiano, dakika ishirini,
Don Primo, dakika ishirini,
jina lililokatwa kwa wino, jina lililokatwa kwa wino.
Mshale wa mtungi unashuka polepole.
Huo ndio upimaji ninaouamini,
na hakuna aliyewahi kuniomba niutume.

Hilaria ananyoosha mkono. "Lete."
Miwani yake imefungwa uzi sikio moja.
Anaandika katika safu ya saba, herufi nene,
maneno yanavuka mstari, yanaingia ya sita,
yanaipanda sifuri yangu mgongoni.
Nadhani ni kilio, au laana, au jina la marehemu.
Naigeuza karatasi nisome:

*Kamati inakaa tena Alhamisi, saa tatu asubuhi, chumba kumi na nne.
Leteni nauli ya basi ya watu wanane.
Casiano atahitaji viti viwili,
kimoja cha mtungi.*