Damu ya Mzee, Saizi ya Kati

Bi Mwanjaa amenipa madera mia na arobaini,
simu yenye kioo kilichopasuka,
na siku tisa kabla ya Idi.
Anataka tangazo.
Tangazo linataka jedwali.
Jedwali linataka kila kitu kiwe na jina moja tu.

Nimekaa sakafuni nyuma ya duka, barabara ya kumi na mbili,
Ngamiani, ambako hata mitaa ilipewa namba
asipotee mtu,
na wageni wanapotea vilevile.

Naandika: nyekundu.
Bi Mwanjaa anapita na kikombe chake.
"Hiyo si nyekundu. Hiyo damu ya mzee."
Na hii?
"Komamanga."
Na hii hapa?
"Hiyo ndiyo nyekundu, lakini inachuja. Iweke chini."

Mashine haijui komamanga.
Inanipa rangi kumi na mbili nichague,
kama karani wa forodha anayetaka kufunga dirisha.
Maji ya kunde imegeuka kahawia.
Kijani cha mchicha na kijani cha chupa
vimelazwa kitanda kimoja.

Kisha inaeleza: ua lilelile,
rangi nne mara saizi tatu, hao ni watoto kumi na wawili;
watoto wote lazima wawe na mama mmoja,
na mama mwenyewe hauzwi.

Hapo nikasoma tena.

Kwetu Makorora tulikuwa wasichana watano.
Gauni moja la Idi lilishuka kutoka kwa Zuhura
mpaka kwangu, upindo ukipandishwa kila mwaka,
matundu ya sindano yakibaki mstari juu ya mstari.
Lilinifikia na rangi
ambayo haimo katika orodha ya mtu yeyote.
Mama aliiita "bado nzima".

Saa tano usiku tangazo likatoka.
Alfajiri, ujumbe wa kwanza, kutoka Korogwe:
*Hamna la damu ya mzee? Naona nyekundu tu.*
Nikamsomea Bi Mwanjaa.
Hakusema kitu. Alikunywa chai kwa sauti.

Nafungua jedwali, mstari wa saba, safu ya rangi.
Nafuta.
Naandika herufi kwa herufi, d, a, m, u,
na mashine inanichorea chini yake
kistari chekundu cha kunionya,
chekundu kipi,
sijamuuliza Bi Mwanjaa.